New York ya Lou Reed (1989): wahakiki walisifu muziki au walisifu mwaka?

Kalamu Nyekundu #1
Wakuu, salaam. Nina hoja, mnivumilie.

New York, albamu ya mwanaroki Lou Reed, ilitoka Januari 1989 kupitia kampuni ya Sire. Tangu siku hiyo haijashuka kwenye midomo ya wahakiki wa roki, na kila anayeiandika anarudia yaleyale: jiji chafu, gitaa kavu, mshairi kazinduka. Mimi nasema hawakuisifu albamu, waliisifu tarehe. Imetoka siku 10 kabla Reagan hajakabidhi ofisi. Jiji limejaa kraki (kokeni ya kuvuta), UKIMWI unaua, watu wanalala kwenye vituo vya treni, halafu anatokea mtu na nyimbo 14 zinazotaja hayo yote kwa majina. Mhakiki gani angethubutu kuinua pua?

Mtu huyohuyo mwaka 1973 alitoa albamu ya Berlin, iliyosukwa vizuri zaidi na yenye uchungu zaidi, wakamchana. Jarida la Rolling Stone wakaiita balaa. Nje ya kalenda, tofauti iko wapi?

Gitaa Kavu #2
Kalenda haipigi gitaa, mkuu.

Sikiliza albamu iliyotangulia, Mistrial ya 1986. Mashine za ngoma kila kona, mng'aro wa studio wa miaka ile, na kuna mahali mzee anajaribu kurap kabisa. Kisha weka New York. Gitaa mbili, besi, ngoma. Hakuna kinanda, hakuna tarumbeta. Sauti ya mwimbaji iko mbele kabisa na haina mwangwi wa maana.

Hilo la mwangwi ndilo wengi hawalioni. Reed haimbi, anaongea kwa mapigo. Sauti ya kuongea ukiiwekea mwangwi wa sekunde mbili, konsonanti zinamezwa na mstari wa pili unapanda juu ya mkia wa ule wa kwanza. Nyimbo 14 zenye maneno mengi namna ile zingegeuka uji. Fred Maher, aliyetayarisha naye, alikuwa mpiga ngoma wake tangu Legendary Hearts na New Sensations, kwa hiyo alijua sauti ile inahitaji nafasi kiasi gani. Hiyo ni kazi ya mikono, haikuletwa na mwaka.

Mama Kurasa #3
Nyote mmeruka jambo lililochapishwa kwenye jalada lenyewe. Reed ameandika kwamba nyimbo zilirekodiwa takribani kwa mpangilio huohuo tunaousikia, na kwamba msikilizaji akae azisikilize zote kwa mkao mmoja wa dakika 58, kama vile ni kitabu au filamu.

Yaani kabla mhakiki hajainua kalamu, ameshaelekezwa ahakiki nini. Ukimwambia mtu "hiki ni kitabu", atakuletea habari za wahusika, mandhari na lugha. Hatakuuliza melodi iko wapi. Na melodi ndiyo sehemu dhaifu ya albamu hii, tuseme ukweli. Berlin nayo ni hadithi kuanzia mwanzo hadi mwisho, ila haikuja na maelekezo ya matumizi.

Nyundo #4
Dada Mama Kurasa, zote pamoja ni kama dakika 57. Hiyo ya 58 labda amehesabu na kuinuka kugeuza sahani 😂

Mama Kurasa #5
Nyundo, nimenukuu jalada, sijashika saa.

Antena #6
Nakuja na maelezo ambayo hayana ushairi wowote: redio.

Septemba 1988 jarida la Billboard lilianzisha chati ya Modern Rock Tracks, iliyohesabu nyimbo zinazopigwa na vituo vya vyuo na vile vya roki isiyo ya kawaida. Miezi minne baadaye inatoka New York, na wimbo wake Dirty Blvd. unakaa namba 1 kwenye chati hiyo kwa wiki nne. Mwaka mmoja kabla, chati yenyewe haikuwepo. Wimbo ungepigwa vilevile, lakini kusingekuwa na namba 1 ya kuandikwa kwenye habari.

Ongezeni na kuhama kutoka RCA kwenda Sire, kampuni iliyokuwa na Ramones na Talking Heads, vijana waliokua wakisikiliza Velvet Underground, bendi ya zamani ya Reed. Watu wa mauzo pale walijua mlango wa kugonga.

Kalamu Nyekundu #7
Antena, hapo unanisaidia mimi. Chati mpya, kampuni mpya, yote ni wakati. Na matokeo yake ikawa albamu yake iliyopanda juu kuliko zote.

Nyundo #8
Hapana. Marekani New York iliishia namba 40. Sally Can't Dance ya 1974 ilifika namba 10, na Transformer ilifika 29. Uingereza New York ilifika 14, wakati Berlin, hiyohiyo mnayoililia kama yatima, ilifika namba 7 kulekule. Walioichana Berlin ni wahakiki wa Marekani. Wanunuzi wa Uingereza walikuwa wameshainunua.

Kalamu Nyekundu #9
Nimekupata kwa Sally. Lakini uzi huu unahusu wahakiki.

Kibao Kata #10
Wahakiki basi. Tuangalie namba zao zinavyopatikana, maana watu hutaja "kura ya wahakiki" bila kujua inapigwaje.

Kura ya Pazz & Jop ya gazeti la Village Voice ilikwenda hivi: kila mhakiki aliorodhesha albamu 10 na kuzigawia pointi 100. Albamu moja haikupata zaidi ya 30 wala chini ya 5. Mwaka 1989 De La Soul wakawa wa kwanza, Neil Young wa pili kwa Freedom, New York ya tatu. Kwa mfumo huo, ili ufike juu si lazima upendwe kwa wazimu na wachache. Unahitaji watu wengi wakupe 10 au 12. New York ni albamu ya aina hiyo hasa, hakuna anayeona aibu kuiweka kwenye kumi zake. Robert Christgau mwenyewe, mhakiki aliyeendesha kura hiyo, aliipa A-, alama ya heshima, ila si ya mtu aliyeanguka kifudifudi.

Berlin kwa mfumo huohuo ingepata 30 kutoka kwa wachache na sifuri kutoka kwa wengine wote.

Mlinzi wa Zamu #11
Na Village Voice lilikuwa wapi? New York. Rolling Stone nao walishahamia New York tangu 1977. Waandishi wanapanda treni ileile inayoimbwa, wanalipa kodi ileile ya kuua. Kwenye Dirty Blvd. kuna chumba cha hoteli kinachogharimu dola 2,000 kwa mwezi, na mtoto Pedro yumo humo na ndugu zake tisa. Mhariri akisikia hivyo haulizi kodi za gitaa (chords) ni ngapi, anawaza kodi yake ya mwisho wa mwezi.

Nadharia yangu ni fupi: walikuwa wanahakiki mtaa wao.

Antena #12
Mlinzi, ikiwa ni hivyo kwa nini Uingereza ilipanda zaidi kuliko Marekani? 14 dhidi ya 40. Mtu wa Manchester hapandi treni ya Bronx.

Mlinzi wa Zamu #13
Mtu wa Manchester anapenda kusikia Marekani ikisemwa vibaya. Suala jingine hilo.

Sauti Mkwaruzo #14
Nimesoma yote. Mimi nafikiri ni wimbi la wazee. Mwaka 1989 kila mkongwe alifufuka: Dylan na Oh Mercy, Neil Young na Freedom, Bonnie Raitt na Nick of Time, hadi Rolling Stones na Steel Wheels. Wahakiki walikuwa na simulizi moja tayari mkononi, "mzee karudi", wakawa wanabadilisha jina tu.

Nyundo #15
Angalia miezi, mkuu. New York ni Januari. Raitt ni Machi, Stones Agosti, Dylan Septemba, Young Oktoba. Aliyetoka wa kwanza hawezi kubebwa na wimbi. Labda useme yeye ndiye aliyelianzisha, na hapo unamsifu zaidi ya unavyotaka.

Sauti Mkwaruzo #16
Kwa tathmini za Januari nakubali. Kwa orodha za mwisho wa mwaka sikubali hata kidogo. Kufikia Novemba 1989 Rolling Stone walitoa orodha ya albamu 100 bora za muongo mzima wakaiweka New York ya 19. Ina miezi kumi tu sokoni! Hapo wimbi lilikuwa limeshajaa na yeye yumo ndani.

Mama Kurasa #17
Hiyo hoja ya Sauti ni nzuri. Tathmini ya wiki ya kwanza na orodha ya mwisho wa mwaka haviandikwi kwa kichwa kimoja, na hapa tulikuwa tunavichanganya.

Sasa tuingie kwenye maneno, maana huko ndiko walikokosoa waliokosoa. Chukueni Hold On. Ndani ya wimbo mmoja kuna Howard Beach, kuna Eleanor Bumpurs na Michael Stewart. Bumpurs ni mama aliyepigwa risasi na polisi Oktoba 1984 huko Bronx walipokwenda kumtoa kwenye nyumba ya umma kwa deni la pango. Stewart ni kijana aliyekufa mwaka 1983 baada ya kukamatwa kwa kuchora ukuta wa kituo cha treni. Howard Beach ni Desemba 1986, kundi la vijana Wazungu lilipomkimbiza Michael Griffith hadi barabara kuu akagongwa na gari.

Msikilizaji wa 1989 hakuhitaji maelezo, yalikuwa magazetini. Wa leo asipoyatafuta anasikia orodha ya majina tu. Ndiyo maana wapo wanaosema nusu ya pili ya albamu imechacha kama gazeti la jana: Good Evening Mr. Waldheim inamsema rais wa Austria wa wakati ule, na ndani yake kuna Jesse Jackson na Papa. Halloween Parade haina tatizo hilo, kwa sababu pale majina ni ya marafiki wasioonekana tena kwenye maandamano ya Greenwich Village. Huna haja ya kuwajua ili uelewe kwamba UKIMWI umewachukua.

Binti wa Ukuta Mweupe #18
Nimekulia kwenye taarab, kwa hiyo huu uzi unanichekesha. Kwetu ukitaka kumsema mtu unaweka fumbo, na utamu wote upo kwenye fumbo. Aliyekusudiwa anajijua, wengine wanabaki kubishana ukumbini. Reed anataja jina, mtaa na cheo. Mhakiki wa Marekani anauita ujasiri. Shangazi zangu wangesema huyu hajui kutunga.

Kalamu Nyekundu #19
😂😂 Binti, umemaliza kila kitu.

Gitaa Kavu #20
Hajamaliza chochote. Sick of You anawataja akina Trump, mwaka 1989, na leo wimbo unasikika kama umetungwa juzi. Gazeti la jana hilo?

Mama Kurasa #21
Hiyo ni bahati, Gitaa. Angemtaja tajiri mwingine yeyote wa majengo wa mwaka ule, leo ungekuwa unauliza huyu nani.

Kibao Kata #22
Kuhusu kuhubiri, kumbukeni Strawman. Ndani ya wimbo huo anauliza kama kuna anayehitaji mwimbaji mwingine wa roki anayejiona mwadilifu. Amejichapa kabla hajachapwa. Ujanja mkubwa huo, kwa sababu mhakiki aliyetaka kutumia hoja hiyo akakuta mwenye albamu ameshaitumia. Ila ni ujanja. Kujua kwamba unahubiri hakukuondoi mimbarini.

Kanda Tupu #23
Ngoma kali zile, Moe Tucker, mpiga ngoma wa Velvet Underground, alikuwa moto. Bendi ilirudi kimya kimya kwenye albamu hii na wahakiki wakanusa. Tusisahau pia ile VU ya 1985, nyimbo zilizokuwa zimefungiwa kabatini. Ilishawarudisha watu kwenye mada kabla Reed hajafanya chochote.

Gitaa Kavu #24
Moe Tucker yuko kwenye nyimbo mbili tu, Last Great American Whale na Dime Store Mystery. Kwingine ni Maher. Utawatofautisha kirahisi: Tucker anakaa kwenye ngoma za chini na mapigo yake yanatembea kama moyo. Maher ana sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali) iliyo wazi na matoazi yanasikika.

Lakini hoja yako ya Velvet nainunua nusu. Dime Store Mystery ametunukiwa Andy Warhol, msanii aliyewahi kuwasimamia Velvet, aliyefariki Februari 1987. Mhakiki anafika wimbo wa 14 anakutana na Warhol na Tucker mahali pamoja. Lazima aandike aya.

Kanda Tupu #25
Asante kwa sahihisho.

Fundi Sindano #26
Wakuu, mimi ni mtu wa vyombo, niulize kitu ambacho hakijaguswa. Hao wahakiki walisikiliza nakala gani?

Dakika 57 kwenye sahani moja ni karibu dakika 28 na nusu kila upande, nyimbo saba kwa saba. Upande wa LP unakaa vizuri kwenye dakika 18 hadi 22. Ukizidisha, fundi wa kukata hana ujanja ila kubananisha mifereji, na ili isigusane lazima ashushe sauti nzima na apunguze besi. Ukipandisha amplifaya kufidia, unapandisha na mkwaruzo wa plastiki.

Kuna la pili. Sahani inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika mwanzo hadi mwisho, lakini mfereji wa nje unapita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 50 hivi kwa sekunde, na wa ndani kama 21 tu. Sauti kali zinajibana mahali padogo, sindano ya duara inashindwa kufuata, "s" zinageuka "sh". Sasa mwishoni mwa upande wa pili kumekaa nini? Dime Store Mystery, wimbo wenye mngurumo mzito wa besi na gitaa. Pabaya kuliko pote.

Mwenye CD alisikia besi ya Rob Wasserman. Mwenye LP alisikia kivuli chake. Na yule wa kaseti alikuwa na raha zake, C60 ina dakika 30 kila upande, albamu inaingia bila kukata wimbo. Toleo jipya la 2020 wameiweka kwenye sahani mbili, nadhani mnaelewa kwa nini.

Kalamu Nyekundu #27
Fundi, hii nimeipenda. Kwa hiyo "ukavu" unaosifiwa huenda kwa wengine ulikuwa ni LP iliyobanwa?

Fundi Sindano #28
Kwa sehemu, inawezekana. LP iliyokosa besi inasikika nyembamba, na nyembamba ni rahisi kuichanganya na kavu. Jaribu hivi: weka Beginning of a Great Adventure kwenye CD, kisha LP ya zamani, lakini kwanza sawazisha sauti ya mwimbaji iwe na nguvu ileile kwenye zote mbili. Usiposawazisha, sikio litachagua yenye kelele zaidi bila kukuambia. Kisha sikiliza besi peke yake. Wasserman anatumia besi ya umeme ya kusimama yenye nyuzi sita, inateleza kati ya noti. Mteleko huo ndio unaopotea kwanza.

Gitaa Kavu #29
Wimbo huo ni ushahidi mzuri pia kwamba si kila kitu mle ni gitaa chafu. Una mwendo wa jazi kabisa. Wasserman ndiye aliyemwita Reed kwanza, kwenye albamu yake Duets ya 1988. Mapatano yalishakuwepo kabla ya studio.

Na Mlinzi #11, kwa kuwa umetaja kodi za gitaa: Dirty Blvd. ni tatu tu. G, D, A, kisha unarudi D, unazunguka hadi mwisho. Wanaojaribu kuupiga hukosea sehemu mbili. Ya kwanza, wanaweka distoshen (mkwaruzo wa makusudi wa gitaa) nyingi. Kodi kamili ya nyuzi sita ikipita kwenye distoshen nzito, noti ya tatu ya kodi inagombana na nyingine na unapata uvumi. Punguza geini hadi gitaa ilie chafu pale tu unapopiga kwa nguvu. Ya pili, wanaimba juu ya pigo. Reed anachelewa, maneno yanaanguka nyuma ya sneya halafu anayakimbiza mwishoni mwa mstari. Ukiyapanga sawasawa na pigo, wimbo unakuwa wa shule ya chekechea.

Mlinzi wa Zamu #30
Kodi tatu, sifa za muongo mzima. Bei nzuri.

Mzee wa Dansi #31
Vijana, nawasoma. Mwaka huohuo 1989 Remmy Ongala alitoa Songs for the Poor Man kupitia Real World ya Uingereza. Umaskini wa mjini, kodi chache, maneno mengi, mwimbaji anaongea na mtu wa chini. Wangapi kati ya hao waliompa Reed pointi zao walimpa Remmy? Huko waliandika "muziki wa kucheza" wakafunga daftari, kwa sababu Kiswahili hawakukisikia. Reed alihakikiwa kama mshairi kwa sababu mhakiki alielewa kila neno.

Mama Kurasa #32
Shikamoo Mzee. Hapo umepiga penyewe. Ila inarudi palepale: albamu inayosifiwa kwa maneno inasifiwa na wanaojua lugha na mitaa yake.

Mzee wa Dansi #33
Marahaba. Ndivyo. Na anayesikiliza muziki peke yake ataona kodi tatu.

Nyundo #34
Kalamu, nakupa mtihani wa nadharia yako. Mwaka 1992 Reed alitoa Magic and Loss. Mike Rathke yuleyule aliyepiga gitaa la pili kwenye New York, Wasserman yuleyule, ukavu uleule, sauti mbele vilevile. Mada ni kifo cha marafiki wawili, mmoja wao mtunzi wa nyimbo Doc Pomus aliyefariki Machi 1991. Hakuna Reagan, hakuna Waldheim, hakuna treni. Uingereza ilifika namba 6, juu ya New York. Ikiwa siri ilikuwa kalenda, hiyo imebebwa na nini?

Kalamu Nyekundu #35
Imebebwa na New York. Ukishatawazwa, albamu mbili zinazofuata zinahakikiwa kwa magoti.

Nyundo #36
Basi na Berlin ingebebwa na Transformer. Ilitoka mwaka mmoja tu baada ya Walk on the Wild Side, wimbo wa Transformer uliovuma.

Kalamu Nyekundu #37
Transformer haikumtawaza kama mshairi, ilimtawaza kama nyota. Walitaka Wild Side ya pili, mtayarishaji Bob Ezrin akawapa okestra na watoto wanaolia. Matarajio tofauti.

Kibao Kata #38
Kwa hiyo tumetoka kwenye kalenda, tumeingia kwenye matarajio. Uzi umehama nyumba 😂

Kanda Tupu #39
Berlin ifunguliwe uzi wake jamani. Na mseme kabisa kwamba Rolling Stone haohao walioiita balaa waliirudisha mwaka 2003 kwenye orodha yao ya albamu 500 bora, namba 344.

Fundi Sindano #40
Kabla hamjahama, mwenye LP ya zamani iliyokatwa Ulaya na nyingine ya Marekani atupimie urefu wa eneo tupu karibu na lebo. Linganisheni upande wa pili kwa upande wa pili. Ikiwa moja mfereji unaishia mbali zaidi na lebo, basi fundi wake alibana zaidi na sauti yake itakuwa chini zaidi. Rula ya kawaida inatosha, ila msiiburuze juu ya mifereji.